Nani Alianza? Juu ya kicheko, kisasi, na picha moja ya kutazamwa wakati wa Noeli

Noeli inapokaribia, walimu, wakubwa wa parokia na viongozi wa vijana hujiuliza ni tafrija gani yafaa kuwaandalia watu baada ya Misa na chakula. Mahali pengi kuna chombo cha kuonyeshea picha, shuka jeupe na jenereta, na kwa hiyo jioni moja ya sikukuu hutengwa kwa ajili ya sinema. Mara nyingi huonyeshwa picha ya maisha ya Yezu Kristu, nayo ni desturi njema. Lakini watu hutaka kucheka pia. Watoto hasa, ambao tangu asubuhi wamevaa nguo mpya na kukatazwa kuzichafua. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo si dogo kama linavyoonekana: tucheke nini?

Nataka kusema habari za picha moja ya zamani, fupi na karibu kusahauliwa, ambayo naiona yafaa kuonyeshwa siku hizo. Nataka pia kulipima pingamizi lililo zito kabisa juu yake, maana picha hiyo inachekesha kwa njia ya kisasi. Ndani yake nyumba inavunjwa, na watu wanacheka. Je, ni halali kucheka jambo la namna hiyo hapa Bunia, katika nchi ya Ituri, ambako wengi waliona nyumba zao zikibomolewa kweli?

1. Picha yenyewe

Jina lake ni Big Business, yaani Biashara Kubwa. Ilitengenezwa Marekani, katika jimbo la California, na kutolewa mwezi wa Aprili mwaka 1929. Haina sauti wala rangi, na hudumu dakika zipatazo 19 tu. Wachezaji wake wakuu ni Stan Laurel, mwembamba, Mwingereza kwa kuzaliwa, na Oliver Hardy, mnene, Mmarekani. Pamoja nao yumo James Finlayson, mtu wa Scotland mwenye sharubu na macho makali. Aliyeelekeza picha ni James W. Horne, na msimamizi wake alikuwa Leo McCarey, ambaye baadaye, mwaka 1944, alitengeneza Going My Way, picha iliyosifiwa sana juu ya maisha ya mapadri wawili parokiani.

Habari yake ni hii. Laurel na Hardy wanauza miti ya Noeli, wakipita nyumba kwa nyumba na gari lao dogo. Jua linawaka kama linavyowaka kwetu mwezi wa Desemba, lakini wao wamevaa makoti mazito kama watu wa nchi ya theluji. Nyumba za kwanza hawapati kitu. Kisha wanafika kwa Bwana Finlayson. Yeye anakataa kununua, anafunga mlango, na tawi la mti linanaswa mlangoni. Wanapiga kengele ili waupate mti wao. Anafungua, anafunga tena, na mara hii ni koti lililonaswa. Wanapiga kengele tena. Mwenye nyumba anaanza kuwaka. Naye Laurel, badala ya kuondoka, anapata wazo ambalo kwake ni la akili nyingi: anamwuliza kama angependa kuagiza mti wa mwaka ujao. Hapo Bwana Finlayson anachukua mkasi wa bustani na kuukatakata mti vipande.

Basi, mambo yanaanza. Wanaharibu kitu kidogo mlangoni pake. Yeye anaharibu kitu kidogo mwilini mwa Hardy, yaani tai na shati. Wanakata simu yake. Anang'oa taa ya gari lao. Wanavunja dirisha. Anang'oa mlango wa gari. Mwishowe wao wamo ndani ya nyumba wakitupa vyombo nje madirishani, wanakata miti ya bustani, wanapasua piano kwa shoka. Naye yuko barabarani akilibomoa gari mpaka linalipuka, kisha anapigana mieleka na miti ya Noeli yenyewe, akigaagaa nayo chini. Majirani wamekusanyika kutazama. Askari wa polisi amefika na gari lake mapema. Anaketi, anatazama, na anaandika katika daftari.

Hatimaye askari anashuka na kutaka kujua mambo yalianzaje. Laurel anaanza kulia. Hardy naye analia, Finlayson analia, majirani wanalia, na hata askari mwenyewe analia. Wanapatana. Laurel anampa Finlayson sigara nene ya tumbaku, zawadi ya Noeli. Lakini askari anapogeuka, anawaona wale wawili wakicheka kichinichini. Anaelewa kwamba machozi yao yalikuwa ya uongo, anawakimbiza, na ile sigara inalipuka mdomoni mwa Finlayson.

Kwa nini picha hii imesahauliwa na wengi? Kwanza kwa sababu ni fupi, na majumba ya sinema siku hizi hayana nafasi kwa picha fupi. Tena haina maneno, na watu wamezoea maneno. Hata jina lake halitaji Noeli. Wenye kujua mambo ya sinema hawakuisahau: mwaka 1992 iliwekwa katika orodha ya picha ambazo taifa la Marekani limeamua zitunzwe daima. Tangu tarehe 1 Januari 2025, kwa sheria ya nchi ile, haki ya pekee juu ya picha za mwaka 1929 imekwisha.

2. Wachekeshaji wawili si wageni kwetu

Asiseme mtu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu yasiyotuhusu. Katika miaka ya 1950 Padri Albert Van Haelst, wa shirika la Scheut, alitengeneza kule Kasai picha nyingi fupi za kuchekesha, zikichezwa na Wakongo wawili walioitwa Matamata na Pilipili. Watu wamewaita Laurel na Hardy wa Kongo, na jina hilo liliwafaa. Picha hizo zilionyeshwa katika misioni nyingi, usiku, nje, watu wakiketi chini. Mwaka 1996 Mbelgiji Tristan Bourlard alitengeneza picha ya kueleza habari zao, nayo ikawafufua kidogo katika kumbukumbu.

Wanaozichunguza leo picha za misioni za wakati ule huona ndani yake upendo, na huona pia macho ya ukoloni: mwenye kushika chombo ndiye aliyeamua nani achekwe. Neno hilo ni la kweli na halifai kufichwa. Lakini linatufundisha kuuliza, kabla ya kucheka, nani anachekwa na nani anayecheka. Katika Biashara Kubwa jibu ni jepesi. Hachekwi maskini kwa umaskini wake, wala mgeni kwa lugha yake, wala kiwete kwa mguu wake. Wanachekwa watu watatu wazima, wenye afya, wenye mali ya kutosha, kwa sababu ya jambo moja tu walilolichagua wenyewe. Na mwenye kutazama anajua moyoni kwamba yeye pia angeweza kulichagua.

3. Je, Mkristu acheke?

Wako watu wema wanaodhani kwamba utakatifu na kicheko havikai nyumba moja. Mtakatifu Tomaso wa Akwino hakufikiri hivyo. Katika kitabu chake kikubwa cha teolojia, anaposema habari za kiasi, anasimulia hadithi ya Mtakatifu Yohana Mwinjili. Watu walimkuta akicheza na wanafunzi wake, wakachukizwa. Yohana akamwambia mmoja wao, aliyekuwa na upinde, apige mshale. Akapiga, akapiga tena. Kisha akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Yohana akasema kwamba ndivyo ilivyo roho ya mwanadamu isipopumzishwa. Tena Tomaso anafundisha kwamba mtu asiyejua kabisa furaha ya mchezo, anayewalemea wenzake na kuwazuia wasifurahi, ana kosa.

Walakini anaweka mipaka mitatu. Kwanza, furaha isitafutwe katika matendo au maneno machafu au yenye kudhuru. Pili, roho isipoteze uzito wake wote. Tatu, mchezo ulingane na mtu, na wakati, na mahali.

Mpaka wa kwanza, picha yetu haiuvuki: hamna uchafu ndani yake, na hakuna mtu anayeuawa. Mpaka wa pili tutauona mbele. Shida iko katika wa tatu. Mahali petu ni Ituri. Kati ya mwaka 1999 na mwaka 2003 vita viliua hapa watu wanaokadiriwa kuzidi 50,000, na kuwafukuza mamia ya maelfu makwao. Tangu Desemba 2017 mauaji yalianza upya katika Djugu, na vijiji vikachomwa. Kati ya watoto watakaoketi mbele ya shuka jeupe, wapo waliozaliwa katika kambi ya wakimbizi. Je, tuwaonyeshe mtu akivunja madirisha ya mwenzake kwa shoka na kuwaambia: chekeni?

Labda wewe msomaji umekwisha kukata shauri: hasha! Nangoja kidogo. Tutazame kwanza picha hiyo inasema nini juu ya kisasi. Ndipo tutajua kama kicheko chake ni dawa au sumu.

4. Anayelipiza kisasi haoni

Jambo la ajabu katika picha hii ni hili. Finlayson anaponyanyua mkono kung'oa taa ya gari, Laurel na Hardy hawamzuii. Wanasimama, wanatazama mpaka amalize. Kisha wanakwenda nyumbani kwake kuvunja, na yeye pia anasimama na kutazama. Kila mmoja anangoja zamu yake kwa adabu, kama watu wanaocheza bao. Hapo ndipo watoto wanapocheka kuliko mahali pengine pote.

Nao wanacheka kwa haki, kwa sababu wameona ukweli ambao wachezaji hawauoni. Finlayson angaliweza kuiokoa nyumba yake wakati wowote. Ilikuwa yatosha aache gari na kwenda kusimama mlangoni pake. Lakini hakwenda, kwa maana moyo wake haukuwa tena nyumbani. Ulikuwa kwenye gari la adui. Nao wale wawili walikuwa na miti ya kuuza, sikukuu imekaribia, na kila dakika waliyotumia kuvunja nyumba ilikuwa dakika ya kupoteza riziki. Watu husema kwamba mwenye kisasi anajipenda mno. Mimi naona kinyume chake. Mwenye kisasi amekwisha kujisahau. Anampa adui yake fikira zote ambazo angewapa mke wake, watoto wake na shamba lake.

Wazee walisema: hasira hasara. Lakini wazee hao hao walisema pia: dawa ya moto ni moto. Methali ya pili ndiyo inayopendwa siku za ghadhabu. Tazama basi jinsi picha inavyoijibu: tawi likalipwa kwa mti, mti kwa mlango, mlango kwa dirisha, dirisha kwa gari, gari kwa piano. Kila mmoja alilipa alichotendewa na kuongeza kidogo. Hicho kidogo ndicho kinachoangamiza. Katika Kitabu cha Mwanzo, Lameki, mjukuu wa uzao wa Kaini, alijisifu mbele ya wake zake kwamba atalipizwa mara sabini na saba. Torati ya Musa ikaja kuweka mpaka, kwamba adhabu isizidi kosa. Wengi wanaosema jicho kwa jicho hawajui kwamba neno hilo lilikuwa hatamu ya kuzuia, si mjeledi wa kuchochea. Naye Bwana wetu, Petro alipomwuliza mpaka wa kusamehe, aliichukua hesabu ya Lameki na kuigeuza: mara hizo nyingi ziwe za kusamehe.

5. Swali la askari

Sasa tumfikie askari. Alifika mapema, aliona, aliandika. Aliposhuka mwisho, nyumba haikuwa nyumba tena wala gari halikuwa gari. Ndipo akataka kujua: mambo yalianzaje?

Kila mwalimu wa shule ya msingi analijua swali hilo, maana hulisikia likijibiwa kabla hajauliza. Watoto wawili wanashikana uwanjani; ukiwatenganisha, wote wawili husema kwa pumzi moja: yeye ndiye aliyeanza. Ukichunguza, utaona kwamba hakuna anayedanganya. Mmoja anahesabu kuanzia ngumi, mwenzake kuanzia tusi. Huyu kuanzia leo, yule kuanzia juma lililopita. Kila mmoja amechagua mahali pa kuanzia hesabu, na amechagua pale ambapo yeye alikuwa hana kosa.

Picha yetu inatufanyia fadhili ambayo maisha hayatufanyii kamwe: sisi watazamaji tuliona mwanzo. Tunajua kabisa nani alianza. Na jibu ni kwamba hakuna. Tawi lilinaswa mlangoni. Tunajua jibu, na kulijua hakurudishi hata kioo kimoja cha dirisha.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba vita vya Ituri vilianza kwa jambo la kuchekesha. Ugomvi wa ardhi si tawi lililonaswa; ni chakula cha watoto. Wala sisemi kwamba watu wote wana hatia sawa, maana hilo lingekuwa kuwadhulumu waliouawa bila kosa lolote. Haki lazima itafutwe. Lakini angalia haki hutafutwa kwa swali gani. Mahakama ya Kimataifa ya La Haye iliwahukumu watu kwa mambo ya Ituri: Thomas Lubanga mwaka 2012, kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wasiotimiza miaka 15, Germain Katanga mwaka 2014, kwa ajili ya shambulio la Bogoro la tarehe 24 Februari 2003, Bosco Ntaganda mwaka 2019. Hakuna aliyehukumiwa kwa sababu watu wake walianza, wala aliyeachiliwa kwa sababu watu wake hawakuanza. Kila mmoja aliulizwa: wewe ulifanya nini?

Ni swali lile lile tunaloulizwa katika sakramenti ya kitubio. Mwenye kuungama haruhusiwi kuungama dhambi za jirani. Akianza kusema, Padri, yule alinitenda hivi na hivi, padri atamwambia kwa upole: hayo ni ya yule, ya kwako ni yapi? Mtu hawezi kupatanishwa akiwa mikono mitupu, anashika tu hati ya makosa ya mwingine. Swali la nani alianza humweka kila mtu katika jana ya mwenzake. Swali la mimi nilifanya nini humrudisha nyumbani kwake, mahali ambapo anaweza kutengeneza kitu.

6. Amani ya machozi

Ningeipenda picha hii kidogo zaidi, au labda kidogo pungufu, kama ingalikwisha kwa watu kulia pamoja na kushikana mikono. Watazamaji wengi hudhani imekwisha hapo, hupumua, na huona ni Noeli kweli. Kisha sigara inalipuka.

Wengine hukasirikia mwisho huo, wakisema umeharibu fundisho. Mimi naona ndio fundisho lenyewe. Hesabu walichotenda wale watu wakati wa kupatana: walilia, walishikana mikono, walipeana zawadi. Hesabu walichokosa: hakuna aliyesema, nilivunja mlango wako. Hakuna aliyeuliza piano ilinunuliwa kwa kiasi gani. Hakuna aliyeokota hata tofali moja. Walipatana mbele ya askari, kwa sababu askari alikuwapo. Alipogeuka, kicheko kikarudi. Kilichokuwa kimefichwa moyoni kilifichwa pia katika zawadi.

Sisi wa Ituri tumeona mikataba mingi ikitiwa sahihi, na picha zikipigwa, na watu wakikumbatiana mbele ya wageni. Baadhi ya mikataba hiyo ilizaa matunda, na Mungu ashukuriwe. Mingine ilikuwa sigara ya Laurel. Kuna methali inayosemwa sana katika mikutano hiyo: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali nzuri, lakini watu huishika nusu ya kwanza na kuiacha ya pili. Kuganga ni kazi ya mganga: ni kufunua kidonda, kukiosha, kutia dawa inayouma. Asiyetaka kukifunua hagangi, anafunika.

Zakayo alipompokea Bwana nyumbani mwake, hakulia tu. Alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu amrudishie mara nne. Ndipo Bwana akasema kwamba wokovu umeingia katika nyumba ile. Kanisa limeshika fundisho hilo siku zote: majuto, maungamo na malipizi, vitatu pamoja. Toa la tatu, utabaki na machozi ambayo yaweza kuwa ya kweli siku hiyo, lakini hayatadumu hadi mwaka mpya.

Hapo ndipo mpaka wa pili wa Mtakatifu Tomaso unapotimia. Roho haipotezi uzito wake katika kuitazama picha hii; inaupata bila kulemewa.

7. Kwa hiyo, tuionyeshe?

Jibu langu ni ndiyo, kwa masharti.

Asilazimishwe mtu. Yuko mama ambaye, akiona vyombo vikitupwa nje dirishani, hataona wachekeshaji. Ataona siku ile. Huyo aambiwe mapema picha ni ya nini, na akiondoka asiitwe mtu asiye na furaha. Kicheko kisichomngoja aliyeumia ni ukatili, hata kikiwa cha wengi.

Isionyeshwe peke yake na kufuatwa na muziki. Ni fupi, yaacha wakati wa kuongea. Zamani, picha zilipokuja bila maneno ya kwetu, mtu alisimama kando ya shuka na kueleza. Na hata leo vijana wa miji ya mpakani hupenda picha za kigeni zilizotiwa maelezo na mfasiri. Picha hii haihitaji mfasiri. Inahitaji mtu atakayeuliza maswali ikiisha, na kunyamaza asikilize majibu.

Tena, watu wa pande zote waketi pamoja. Hili naliona kubwa kuliko yote. Mtu akicheka kisasi peke yake, au katikati ya watu wa kabila lake tu, kwa urahisi atamcheka adui yake: tazama, wao ndivyo walivyo. Lakini watu ambao baba zao walipigana wakiketi bega kwa bega, wakamwona Finlayson akingoja zamu yake ya kuvunja, wakacheka kwa wakati mmoja, basi wamekubaliana neno moja bila mkutano wala sahihi: kwamba jambo lile ni la upumbavu. Hawajapatana bado. Lakini wameliona pamoja, kutoka upande mmoja wa shuka, na kesho mmoja akisema ni lazima tulipe, mwenzake aweza kumjibu kwa kutaja tu miti ya Noeli.

Mwana wa Mungu alizaliwa katika nchi iliyokuwa na hesabu ndefu za damu, na Herode hakukawia kuongeza zake. Malaika walitangaza amani usiku ule, na asubuhi yake mipaka ya mashamba ilikuwa pale pale. Amani ilitolewa kama mtoto hutolewa: mzima, wa kweli, lakini wa kulelewa. Kulea si kazi ya machozi ya jioni moja.

Maswali ya kuongea pamoja baada ya picha

1. Ni wakati gani Bwana Finlayson angaliweza kuukomesha ugomvi bila kupoteza heshima yake? Na wale wawili je?
2. Majirani walitazama tu, na askari akaandika tu. Je, mtazamaji ana kosa? Wewe ungefanya nini ungekuwa mmoja wao?
3. Wale watu walipopatana, kila mmoja angepaswa kumwambia mwenzake neno gani, na kumrudishia nini?
4. Ukikumbuka ugomvi wako mmoja, bila kumtaja mtu: umezoea kuanza hesabu yake wapi?